Ndoo ya Bibi Hindu

Mliniacha juma lililopita nimeshika kadi ya chuo isiyokuwa yangu. Bado nimeishika. Na leo mtanichukia, kwa hivyo wacha niseme haraka haraka kabla sijabadilisha nia.

Wewe unayenisoma leo mara ya kwanza: naitwa Haroun, wa Malindi, mtaa wa Shela. Shule niliacha kidato cha kwanza. Kazi yangu ni kuandika tuktuk. Ukiona tuktuk Malindi ina jina la herufi zilizojipinda kama moshi wa udi, hiyo ni mikono yangu.

Binamu yangu Ilham anasomea mitindo na ushonaji chuo kimoja Mombasa. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa simu ule ukurasa wa habari za wanafunzi wa mitindo, sanaa na ubunifu. Nani kashinda nini, chuo gani chatafuta watu, msichana gani kashona gauni kwa magunia ya viazi na likapendeza. Ilham alikuwa akiufungua mara moja kwa wiki. Mimi nilikuwa naufungua kila nikingoja rangi ikauke.

Humo ndimo nilimoliona shindano la leso, kanga kwa watu wa bara. Uchore leso yako kamili: pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yale maneno ya chini. Mshindi leso yake itachapwa kiwandani, na yeye mwenyewe atapewa nafasi ya mwaka mzima kusomea kuchapa vitambaa, Nairobi.

Mwaka mzima darasani! Mimi, ambaye mara ya mwisho kukalia dawati nilikuwa na miaka kumi na nne.

Sharti lilikuwa moja tu. Uwe mwanafunzi.

Ilham akajaza fomu kwa majina yetu wawili, wanafunzi wa chuo kimoja, mwaka wa pili. Kadi akaipata kwa mtu aliyeacha chuo, mimi nikabandika sura yangu juu. Hapo ndipo tulipofika.

Sasa sikiliza lile nililowaficha juma lililopita. Kadi haikuwa yangu, na leso pia haikuwa yangu.

*

Leso ilikuwa ya bibi yangu. Bibi Hindu, mama yake babangu, asili yake mtu wa Lamu. Mwanamke mmoja mfupi ambaye akikohoa nyumba nzima inakaa vizuri.

Mamangu ni Mgiriama wa Tezo. Kwao ni Kadzo, alipoolewa akawa Shekha. Babangu alipofariki, mama akabaki pale pale kwa mkwewe, pamoja nami. Mwaka ule mifereji ya maji ikakauka mtaa mzima, mama akawa anachota maji kisimani anabeba kichwani.

Siku moja kulikuwa na arusi ya jirani, wanawake wamejaa barazani kwetu. Mama akatokea na ndoo yake kichwani, anataka kupita. Bibi alikuwa ameamka vibaya siku hiyo, sijui kwa nini. Akasema mbele ya wote:

“Mpisheni huyo. Ndoo ndiyo taji lake, kwao hawana jengine.”

Baraza zima likacheka.

Mama akaitua ile ndoo kizingitini, haikumwagika hata tone, akageuka akaenda zake Tezo kwa kakake, mjomba Kitsao. Ni miaka saba sasa. Mimi sikumfuata. Niliona aibu na wale wanawake, nikajificha chooni. Shule niliacha muhula ule ule, kwa kuwa hakukuwa na wa kuniuliza mbona sijaenda.

Basi mwaka huu Bibi akaniita chumbani kwake.

“Haroun, wewe si wajua kuandika?”

“Naandika tuktuk, Bibi.”

“Tuktuk na leso si vyote vyasomwa na watu? N'andikie leso. Nataka kumpelekea mamako.”

“Si umpigie simu tu? Namba ya mjomba ninayo. Nikupigie sasa hivi.”

“Nimwambie nini kwa simu? Mdomo huu ndio uliomtoa. Hauwezi kumrudisha huo huo.”

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kuna maneno mwanamke hawezi kuyasema, basi huyapeleka kwa leso. Mwenziwe akiifungua, akasoma jina, ameshajua yuko wapi naye.

“Jina niandike nini?”

Bibi akasema yale maneno aliyompokelea mamangu siku alipoletwa bibi arusi, miaka ishirini na tatu nyuma:

“Andika, NDOO MAMA UTUE.”

Watu wa bara nisikilizeni hapa, maana msiba wote umeanzia hapa. Wazee wetu, Lamu mpaka Mombasa, hawasemi njoo. Wanasema ndoo. Njia kwao ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Kwa hivyo Bibi alikuwa anasema: njoo mama, utue. Njoo uweke mzigo chini, hapa ni kwako.

Katikati nikamchorea mlango, mbao zote mbili wazi. Kwenye pindo nikazungusha vikuba vya asumini, vile vishada vya maua ya kujipamba. Bibi akautazama ule mlango, akaugusa kwa kidole.

“Uwache wazi hivyo hivyo,” akasema.

Na mimi nikaichukua leso ile nikaitia kwenye shindano. Nikajidanganya kwamba itachapwa vizuri, Bibi apate yake na mimi nipate yangu, kuna ubaya gani?

*

Majaji walikuwa watatu, wote wa Nairobi. Wakatupigia simu ya video, mimi na Ilham tumekaa kitandani kwa mamake, ukuta nyuma yetu tumeutandika shuka nyeupe uonekane ukuta wa chuo.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mviringo.

“Haroun, hii kazi imenitoa machozi,” akasema. “Ndoo, mama, utue. Yaani mama, tua hiyo ndoo. Miaka yote umebeba maji kichwani, sasa pumzika. Ndivyo, sivyo?”

Ilham akanifinya paja.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, madam, sivyo. Lakini nikaziona zile sura tatu kwenye simu, zote zinanitazama kama mtu mwenye akili. Mimi hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

“Ndivyo, madam.”

“Na mlango?”

“Ni… ni wa nyumba anayopelekea maji.”

“Safi sana. Kuna mtu ulikuwa unamfikiria ukichora?”

“Mamangu. Mchota maji, kule Tezo. Mimi tangu nizaliwe namjua na ndoo kichwani.” Nikaona bado wanangoja, nikaongeza. “Ndoo ndiyo taji lake.”

Maneno yale yale. Yalitoka kama yalikuwa yamekaa mdomoni miaka saba yakingoja zamu.

Jaji akavua miwani, akapangusa macho. “Ndoo ndiyo taji lake,” akarudia polepole. “Andikeni hiyo. Hiyo ndiyo tutakayoweka juu.”

Simu ilipokatika Ilham akanitupia mto.

“Wewe una wazimu? Wajua umesema nini?”

“Nimesema cha kushinda.”

“Umemtukana mamako mara ya pili, Haroun. Na hii mara imerekodiwa.”

“Wewe ndiye uliyenifinya.”

“Nilikufinya useme ukweli, mjinga we!”

Mimi nilidhani amenifinya ninyamaze.

*

Tukashinda.

Sura yangu ikatoka kwenye ule ukurasa, nimeshika brashi, na juu herufi kubwa: NDOO NDIYO TAJI LAKE. Wanafunzi wakaandika chini yake. Mmoja aliuliza natumia brashi namba ngapi. Mwengine, wa Kisumu, akasema alikuwa ameshakata tamaa ya kuchora na mimi nimemrudisha mezani. Nilisoma hiyo mara kumi. Kwa siku mbili nilitembea Malindi kama nina viatu vipya.

Siku ya tatu akanipigia Dzombo. Huyo ndiye mratibu wa shindano huku kwetu, kijana wa Kilifi, shati la kitenge, simu mbili, hacheki mpaka ajue kwa nini.

“Majaji wana pendekezo dogo,” akasema. “Wanasema mlango hauongei. Wataka katikati iwekwe ndoo.”

“Ndoo gani?”

“Ndoo, ndugu yangu. Ya maji. Ya manjano, ina mpini, maji yaruka ruka.”

“Na mlango?”

“Mlango uondoke.”

Nilikuwa nimechutama kando ya tuktuk ya mtu, nusu ya jina nimeandika, nusu bado.

“Haroun, upo? Maana kama hutaki, yuko namba mbili. Msichana wa Voi, kachora tembo mzuri sana.”

“Waweke ndoo,” nikasema.

Nilipomwambia Ilham, hakunitusi. Ingekuwa afadhali anitusi.

“Sasa leso ya Bibi iko wapi?”

“Nitamchapia nyengine. Nikishasoma, nitamchapia kwa mikono yangu mwenyewe.”

“Bibi ana miaka themanini,” akasema, akatoka.

Bibi hana simu ya kuonyesha picha, na mimi nilitegemea hivyo. Lakini Rufaida, jirani yetu, mdomo wake haujui kupumzika. Niliporudi jioni nikamkuta Bibi anapiga pasi buibui lake la kutokea.

“Waenda wapi, Bibi?”

“Rufaida yuwasema leso yangu yachapwa na yatolewa Kilifi Jumamosi. Mbona hukun'ambia?”

“Ni mambo ya vijana, Bibi. Muziki mwingi, watu wamevaa makuti. Mimi nitakuletea.”

“Muziki sijauona? Nataka kuichukua kwa mkono wangu, niifukize udi, niende nayo Tezo siku iyo iyo. Kilifi na Tezo si pua na mdomo?” Akaugeuza upande wa pili wa buibui. “Imetoka vizuri lakini? Mlango wangu uko wazi?”

“Uko wazi, Bibi.”

Nimesema uongo mwingi katika hadithi hii. Huo ndio unaoniamsha.

*

Jumamosi, ukumbi mmoja Mnarani. Wanafunzi kutoka kila pembe. Kuna aliyevaa koti la nyavu kuukuu, kuna msichana kavaa kofia ya ukili pana kama sinia la pilau, kuna wawili walikuwa wanagombana kwa sauti kuhusu rangi ya bluu, utadhani wanagombania shamba. Nilisimama katikati yao nikajua hawa ndio watu wangu. Na nikajua mimi ni mwizi kati yao.

Dzombo akanivuta nyuma ya pazia, akanipa leso. Jozi nzima, haijakatwa bado, inanukia kiwanda.

Nikaifungua.

Ndoo ya manjano, kubwa kama gurudumu. Vikuba vya asumini vimebaki kwenye pindo, vimeizunguka kama maua yamewekwa kwenye jalala. Na chini: NDOO, MAMA, UTUE!

Wametia mikato. Mikato miwili na alama ya mshangao, na Bibi yangu hayumo tena ndani ya yale maneno.

“Hebu n'ambie,” Dzombo akasema kwa sauti ya chini. “Mimi si wa Nairobi. Nimekua na Waswahili mlango kwa mlango. Hii ndoo si ndoo, sivyo?”

“Ni njoo.”

Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Ulijua tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu siku ya kwanza.”

“Mbona hukusema?”

“Mbona wewe hukusema?”

Nikaanza kuikunja ile leso.

“Basi nyamaza vivyo hivyo,” akasema, akanikunjia kola ya shati. “Ndoo imekufikisha hapa, wacha ikufikishe Nairobi. Na ukipanda huko juu utabasamu. Nimekuandalia kitu.”

“Kitu gani?”

“Utakiona.”

*

Nilipopanda jukwaani nikawaona mstari wa mbele. Ilham, uso umempauka. Kando yake Bibi Hindu, buibui limenyooka, kitambaa chenye udi amekikumbatia mapajani. Akaninyooshea kidole, akimwonyesha mtu wa nyuma yake: huyo ndiye mjukuu wangu.

Jaji wa miwani ya mviringo akaanza kuongea. Akasema kuhusu mikono inayobeba, vichwa vinavyobeba, mambo mengi. Mimi nilikuwa namtazama Bibi tu.

“Na tukajiuliza,” jaji akasema, “huyu mama yuko wapi? Yule mama wa Tezo ambaye ndoo ndiyo taji lake? Tukamtafuta. Na tukampata.”

Pazia likafunguka upande. Akatangulia mjomba Kitsao, amevaa shati la Jumapili. Nyuma yake mamangu.

Miaka saba. Nywele za mbele zimeingia mvi, mwendo ni ule ule. Dzombo alikuwa amempa ndoo ya manjano, mpya, aibebe kichwani kwa ajili ya picha. Mama alikuwa ameishika mkononi, kwa mpini, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe na sasa anakirudisha.

Sikuthubutu kumtazama Bibi.

Watu wawili wakaikunjua leso mbele ya ukumbi. Makofi. Vigelegele. Muziki ukazimwa, na kabla makofi hayajaisha nikaisikia sauti ya Bibi, wazi kabisa, anamuuliza Ilham:

“Mlango wangu uko wapi?”

Ilham akainamisha kichwa.

Jaji akaichukua leso, akamtandika mamangu mabegani, akapiga hatua nyuma ili mama apigwe picha. Mama akaishika ncha akaivuta mbele aisome. Anasoma polepole, mdomo unatembea. Akasoma jina. Akaitazama ile ndoo ya kuchapwa. Akanitazama mimi. Kisha akawatazama watu wa mstari wa mbele, macho yake yakasimama.

Akaitua ile ndoo aliyoshika. Taratibu, kwenye ukingo wa jukwaa, vile vile alivyoitua ile nyengine.

“Haroun.”

“Naam, mama.”

“Hata shikamoo sina?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, ukumbi mzima unatusikia. “Majuzi nimeonyeshwa simu na watoto wa jirani. Sura yako, na yale maneno ya taji. Nikasema huyu si mwanangu, kuna mtu kamtilia maneno mdomoni. Nimekuja kuuliza kwa mdomo wangu. Hii ndoo hapa, ni ndoo ya maji, au ni ndoo ya bibiyo?”

Jaji akatabasamu, akamwinamia Dzombo. “Anauliza nini?”

Dzombo akatazama viatu vyake.

Kule chini Ilham alikuwa ananitikisia kichwa. Haroun, usiseme. Chuo chake kiko ndani ya jibu hili. Na mwaka wangu mzima Nairobi uko ndani yake, meza, wino, walimu, watu wa kugombana nao kuhusu rangi ya bluu.

“Jibu, baba,” mama akasema.

“Si ya maji.”

“Sema wasikie.”

Basi nikayamwaga yote. Nikasema ni njoo. Njoo mama utue. Nikasema maneno si yangu, ni ya Bibi Hindu yule pale, na hapa katikati palikuwa na mlango wazi, mimi ndiye niliyekubali utolewe. Nikasema mimi si mwanafunzi. Sijafika hata kidato cha pili. Mimi huandika tuktuk Malindi.

“Na Ilham hana makosa,” nikamalizia. “Kadi niliitengeneza mimi peke yangu, yeye hakujua.”

Hilo la mwisho lilikuwa uongo pia. Lakini huo sijutii.

Jaji akavua miwani. Safari hii hakupangusa macho. Mtu mmoja huko nyuma akapiga mluzi, mwengine akasema mtoeni huyo. Wanafunzi wote wameinua simu juu. Nikauona mwaka wangu unaondoka, nauona kabisa, kama mtu anayekupa mgongo.

Mama hakuwajali.

“Ni maneno ya bibiyo?”

“Wallahi, mama. Aliniita chumbani, akaniambia niyaandike.”

“Basi mbona nayasikia kwako?” Akaivua ile leso mabegani, akaikunja vizuri, akampa mjomba Kitsao aishike. “Yeye ana mdomo. Siku ile ulifanya kazi vizuri tu, mbele za watu. Leo pia watu wapo. Leso siitaki. Na aseme.”

Vichwa vyote vikageukia mstari wa mbele.

Nikaruka chini na maikrofoni. Bibi alikuwa amekishika kile kitambaa cha udi. Hajawahi kumwomba mtu radhi katika maisha yake. Hata babangu, mtoto wake wa kuzaa, hakuwahi kulisikia neno hilo kwake.

“Bibi.”

“Mdomo huu, Haroun…”

“Ndio huo huo, Bibi. Hatuna mwengine.”

Bibi akashika bega la Ilham, akasimama. Mfupi vile vile. Akaisogelea maikrofoni kama mtu anayenusa chakula asichokijua. Akaunyoosha mkono wake mmoja mbele, kiganja juu, kumwelekea mamangu pale jukwaani.

Akasema neno moja.

“Ndoo.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Walidhani kikongwe anaitaka ile ndoo. Msichana mmoja mwenye adabu zake, yule wa kofia ya ukili, akapanda ngazi mbio, akaiokota ile ndoo ya manjano, akaanza kumletea. Wakazidi kucheka. Kicheko kile kile cha barazani, nakijua mimi. Ila safari hii kimemwangukia Bibi Hindu, amesimama katikati yake na mkono umenyooka, na mkono haushuki.

Mtu mmoja tu hakucheka.

Pale jukwaani pana ngazi mbili. Ya kushoto inateremka kwa Bibi. Ya kulia inatoka nje, kwenye barabara ya Tezo.

Mamangu akainua mguu.